KUSOGEZA, KUBIRINGISHA NA KUHAMISHA PICHA
Istilahi za kubadili mahali pa picha katika kompyuta

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazotufikia dawatini ni miongozo ya kompyuta iliyofasiriwa kwa matumizi ya ofisi na shule. Aghalabu miongozo hiyo huletwa ikiwa imekwisha kufasiriwa, nasi huombwa tuipitie na kuithibitisha. Mmoja wa miongozo hiyo ndio uliotufanya tuandike makala haya.

Mwongozo wenyewe ulihusu kazi iliyoonekana ndogo. Makarani wa ofisi moja walikuwa wakiskani kurasa za majalada ya zamani. Walitakiwa waisogeze kila picha kidogo upande wa kulia, ili upande wa kushoto ibaki nafasi ya kujalidi. Maelekezo yalitaja amri tatu za kompyuta, na zote tatu zilielezwa kwa neno moja: "kuhamisha picha". Kila karani alitumia amri aliyoiona kwanza. Baada ya muda ilidhihirika kwamba katika kurasa nyingine namba za majalada, ambazo zilikuwa zimeandikwa kwenye ukingo wa kulia, zimetoweka. Katika kurasa nyingine namba hizo zilikuwa zimejitokeza kwenye ukingo wa kushoto, mbele ya majina ya watu, kana kwamba ni sehemu ya majina hayo. Na kwa kuwa picha mpya zilihifadhiwa juu ya zile za kwanza, ilibidi majalada yenyewe yatolewe tena kabatini na kuskaniwa upya.

Kompyuta haikukosea, ilifanya ilivyoamriwa. Makarani nao hawakukosea, walifuata mwongozo. Mfasiri vilevile alikuwa na udhuru, maana neno "kuhamisha" hakulibuni yeye. Alilitoa katika orodha ya istilahi iliyotoka dawatini kwetu, ambamo tulilitumia kwa dhana tatu zilizo mbalimbali. Basi makala haya ni maelezo, lakini pia ni masahihisho. Tutaeleza kwanza jinsi vitendo hivyo vinavyofanyika, kisha tutapendekeza istilahi, kwani haifai kukipa kitendo jina kabla ya kukijua.

2. Lugha na maktaba inayohusika

Programu iliyotumika iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, iliyotungwa na Guido van Rossum wa Uholanzi na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Hapa yafaa tuwaonye wafasiri. Tumekwisha kuona mahali lugha hiyo ikiitwa "Chatu". Jina hilo halikutokana na nyoka, bali lilitokana na Monty Python, kikundi cha wachekeshaji wa televisheni ya Uingereza. Kwa hiyo ni jina la pekee, nalo libaki kama lilivyo.

Lugha hiyo ina maktaba nyingi. Kwa "maktaba" hatuna maana ya nyumba ya vitabu, bali mkusanyo wa amri zilizokwisha kuandikwa ambazo mtunga programu huziazima badala ya kuziandika upya. Maktaba mashuhuri ya picha ilianzishwa na Fredrik Lundh wa Sweden mwaka 1995, ikajulikana kwa kifupi PIL. Toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2009. Mwaka 2010 Alex Clark alianzisha tawi lake liitwalo Pillow, na hilo ndilo linalotumika leo, ijapokuwa ndani ya programu mtu huendelea kuandika PIL. Zaidi ya hiyo kuna maktaba ya OpenCV, na ziko nyingine zinazoichukua picha kuwa ni jedwali la namba tu, kama vile NumPy na SciPy. Tutaona kwamba maktaba hizi hazielewani daima juu ya maana ya kulia, kushoto, kwanza na pili.

3. Picha ilivyo ndani ya kompyuta

Kwa kompyuta, picha ni jedwali la miraba midogo sana. Kila mraba huitwa pikseli. Baadhi ya wafasiri hupenda kuuita "nukta". Sisi twaona neno "pikseli" lifuatwe, kwa sababu "nukta" lina kazi nyingine katika uandishi, katika hisabati na katika upigaji chapa. Katika picha isiyo na rangi, kila pikseli ni namba moja: 0 ikiwa nyeusi kabisa, 255 ikiwa nyeupe kabisa, na namba zilizo kati zikiwa ni kijivu cha viwango mbalimbali.

Tuchukue picha yenye upana wa pikseli 600 na kimo cha pikseli 400. Jumla ya pikseli zake ni 240,000. Mahali pa kila pikseli hutajwa kwa namba mbili, na kuhesabu huanza kwenye pembe ya juu kushoto, yenye namba 0 na 0. Walimu wa hisabati watambue jambo hili mapema. Katika grafu tunazowafundisha wanafunzi, namba za mhimili wa wima huongezeka kadiri tunavyopanda. Katika picha huongezeka kadiri tunavyoshuka, kama mistari ya kitabu. Mwanafunzi akiambiwa "ongeza 20" katika mhimili wa wima, naye akatazamia picha ipande, ataiona inateremka.

4. Vitendo vitatu, si kimoja

Sasa tuseme tunataka yaliyomo katika picha hiyo yaende pikseli 50 kulia na pikseli 20 chini. Swali la kwanza analopaswa kujiuliza mtu si amri gani itumike. Ni hili: yale yatakayovuka ukingo yatakwenda wapi? Majibu yako matatu, na kila jibu ni kitendo chake.

(a) Jibu la kwanza: yatapotea. Fremu, yaani ukubwa wa picha, inabaki 600 kwa 400. Yaliyomo yanakwenda kulia na chini, yanayovuka ukingo yanakatika, na upande wa kushoto na wa juu linabaki pengo ambalo hapana budi lijazwe kwa rangi fulani. Ni kama mtu anayevuta karatasi nyuma ya dirisha: kinachopita ukingo wa dirisha hakionekani tena. Katika Pillow kitendo hiki hufanyika kwa kutengeneza picha tupu yenye ukubwa uleule, kisha kuibandika ile ya kwanza juu yake kuanzia mahali 50 na 20. Amri ya kubandika, iandikwayo paste, huikata ziada kimyakimya. Haitoi onyo lolote. Tukipiga hesabu, kinachobaki ni pikseli 550 kwa 380, yaani 209,000. Zilizopotea ni 31,000. Katika ukurasa wa jalada, hizo 31,000 ndizo zilizobeba namba.

Matokeo hayo hupatikana pia kwa amri ya kukata kipande, iandikwayo crop, ikiwa mtu ataanza kukata nje ya picha: kutoka hasi 50 na hasi 20 mpaka 550 na 380. Kompyuta haikatai. Hukipa kila kisichokuwemo thamani ya sifuri, na katika picha ya kawaida ya rangi sifuri ni weusi. Kwa hiyo karani atapata pengo jeusi mahali alipotazamia jeupe.

(b) Jibu la pili: yatarudi kwa upande wa pili. Kinachotoka kulia kinaingia kushoto. Kinachotoka chini kinaingia juu. Hapa hakuna pikseli inayopotea, wala hakuna pengo. Mfano wake ni tasbihi: punje iliyopita kidoleni haikupotea, itarejea baada ya wenzake. Katika Pillow amri yake huandikwa offset, na katika NumPy huandikwa roll. Kitendo hiki kina manufaa yake. Mchoraji wa nakshi za kanga au za vigae huhitaji kujua kama ruwaza yake itaungana vizuri ikirudiwa. Akiisukuma kwa nusu ya upana na nusu ya kimo, kingo zote nne hukutana katikati, na kasoro ya kiungo huonekana mara moja. Lakini katika ukurasa wenye maandishi, kitendo hiki ni hatari kuliko kile cha kwanza. Pengo jeusi humshtua msomaji, ambapo namba iliyohama upande haimshtui mtu.

Amri hii ya offset ina mtego mwingine ambao mfasiri wa mwongozo hana budi kuutaja. Mtumiaji akitoa namba moja tu, mathalani 50, kwa kudhani kwamba amesema "kulia 50", kompyuta huitumia namba hiyohiyo kwa upande wa chini pia. Anayetaka kwenda kulia tu, sharti aandike 50 na 0.

(c) Jibu la tatu: hayatavuka ukingo wowote, kwa sababu fremu itapanuliwa. Tunatengeneza uwanja mpya wenye upana wa 650 na kimo cha 420, tunaujaza rangi nyeupe, kisha tunaibandika picha nzima kuanzia mahali 50 na 20. Uwanja huo una pikseli 273,000. Zile 240,000 za kwanza zote zimo, na 33,000 ni nafasi iliyoongezwa. Hiki ndicho kitendo ambacho ofisi ile ilikihitaji tangu mwanzo. Anayehama nyumba huchukua vyombo vyake vyote. Naam, hapa ndipo neno "kuhamisha" linapostahili kukaa, na mahali hapa tu.

5. Kwa nini si "kutafsiri"

Msomaji anaweza kushangaa kwamba tunalitaja neno hili. Sababu ni kwamba Waingereza wana neno moja kwa kazi ya mfasiri na kwa kitendo cha hisabati cha kulipeleka umbo mahali pengine bila ya kulizungusha wala kulibadili ukubwa. Neno hilo limo hata katika Pillow: amri ya kuzungusha picha ina nafasi iitwayo translate, ambayo hueleza picha iende wapi baada ya kuzungushwa. Neno la Kiingereza lilitoka katika Kilatini kwa maana ya kuvusha kitu, na kwa hiyo linazibeba maana zote mbili bila taabu. "Tafsiri" yetu imetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni kufafanua na kuweka wazi. Haina ndani yake wazo la kubeba wala kuvusha. Anayeandika "tafsiri picha" amefuata umbo la neno la kigeni na kuiacha maana nyuma.

Kadhalika neno "kuzungusha" lisitumike kwa kitendo cha (b). Tunajua kwamba linavutia, kwani yaliyomo hufanya mzunguko. Lakini "kuzungusha" limekwisha kushika kazi ya kuigeuza picha kwa nyuzi, kama mshale wa saa, na walimu wa jometri hulitumia hivyo kila siku. Tulilinganisha maneno matatu: "kurejesha", "kuviringisha" na "kubiringisha". La kwanza tumeliacha kwa sababu katika kompyuta linatumika kwa kurudisha hali ya awali. La pili humfanya msomaji afikirie zaidi umbo la mviringo. La tatu lina wazo la kitu kinachokwenda huku kikizunguka, nasi tunalipendekeza.

6. Kwenda wapi, au kutoka wapi?

Tumefika mahali ambapo hata watunga programu wazoefu hujikwaa. Maktaba nyingi zina amri ya jumla inayoweza kusogeza, kuzungusha na kukuza picha kwa pamoja. Amri hiyo hupewa namba sita. Katika OpenCV, kupeleka yaliyomo 50 kulia na 20 chini, mtu huandika 1, 0, 50 katika safu ya kwanza, na 0, 1, 20 katika safu ya pili. Katika Pillow, kwa amri iandikwayo transform, matokeo yaleyale huhitaji 1, 0, hasi 50, kisha 0, 1, hasi 20. Anayezinakili namba za OpenCV na kuzitia katika Pillow ataiona picha ikienda kushoto na juu.

Hili si kosa la maktaba yoyote. Ni maswali mawili yaliyo tofauti. Mtumiaji wa OpenCV hueleza kila pikseli ya zamani inakwenda wapi. Mtumiaji wa Pillow hueleza kila mahali katika picha mpya panapata pikseli yake kutoka wapi. Swali la pili lina faida kubwa kwa kompyuta. Tukikuza picha kwa kuuliza "unakwenda wapi?", pikseli za zamani hazitoshi kuzijaza nafasi mpya, na matundu yatabaki. Tukiuliza kila nafasi mpya "unatoka wapi?", kila moja hupata jibu, wala hakuna tundu. Kwa kweli OpenCV nayo hufanya kazi kwa njia hiyo ya pili. Hupokea jibu la swali la kwanza, kisha huligeuza yenyewe.

Kiswahili kinaweza kuitaja tofauti hii kwa ufupi. Kwanza tulifikiria jozi ya "kuhama" na "kuhamia", ambayo ni nzuri kwa maana, maana mtu huhama atokako na huhamia aendako. Tuliiacha kwa sababu tofauti yake ni irabu moja, na kosa dogo la kupiga chapa lingeweza kuigeuza maana ikawa kinyume. Tunapendekeza "kanuni ya endako" kwa ile inayosema pikseli inakwenda wapi, na "kanuni ya tokako" kwa ile inayosema inatoka wapi.

Kwa walimu tunaongeza onyo moja linalofanana na hilo. Katika Pillow namba ya kwanza ni ya ulalo na ya pili ni ya wima. Katika maktaba zinazoichukua picha kuwa jedwali, namba ya kwanza huhesabu safumlalo, yaani hueleza kupanda au kushuka, na ya pili huhesabu safuwima. Jozi ya 50 na 20 humaanisha "kulia 50, chini 20" katika Pillow. Ikipelekwa katika amri ya shift ya SciPy kwa picha isiyo na rangi, humaanisha "chini 50, kulia 20". Kwa hiyo mwongozo wa Kiswahili usiseme "namba ya kwanza" na "namba ya pili" peke yake. Useme "namba ya ulalo" na "namba ya wima".

7. Kusogeza kwa nusu ya pikseli

Yawezekana pia kuisogeza picha kwa sehemu ya pikseli, mathalani nusu. Amri ya kubandika haikubali jambo hilo, kwani hutaka namba kamili. Lakini SciPy na OpenCV hukubali. Kwa kuwa hakuna nusu ya mraba, kompyuta hukadiria thamani mpya kutokana na pikseli jirani. Kwa ukadiriaji ulio rahisi, palipokuwa na nyeusi ya 0 kando ya nyeupe ya 255, patapatikana kijivu cha 127 au 128. Katika picha ya mandhari hilo halidhuru sana. Katika herufi nyembamba za jalada, ukingo wa herufi hufifia, na kitendo kikirudiwa mara kadhaa juu ya picha ileile, maandishi huzidi kufifia. Tunapendekeza jambo hili liitwe "ukadiriaji wa kati", na miongozo ya ofisi iagize namba kamili pasipokuwa na haja ya kufanya vingine.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Kusogeza: kupeleka yaliyomo mahali pengine ndani ya fremu ileile, yanayovuka ukingo hupotea, na pengo hujazwa. Jina la kitendo: msogezo.

Kubiringisha: kupeleka yaliyomo mahali pengine ndani ya fremu ileile, yanayovuka ukingo huingia kwa upande wa pili. Jina la kitendo: mbiringisho.

Kuhamisha: kuiweka picha nzima mahali papya katika uwanja unaoitosha, hakuna kinachopotea. Jina la kitendo: uhamishaji.

Kuzungusha: kuigeuza picha kwa nyuzi fulani. Jina la kitendo: mzunguko.

Kubandika: kuiweka picha moja juu ya nyingine kuanzia mahali palipotajwa.

Kukata kipande: kutoa sehemu ya picha yenye pande nne na kuifanya picha mpya.

Fremu: mipaka ya picha kwa upana na kimo.

Uwanja: picha tupu iliyoandaliwa kupokea nyingine.

Pengo: sehemu ya fremu iliyoachwa bila yaliyomo baada ya msogezo.

Kanuni ya endako. Kanuni ya tokako: kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 6.

Ukadiriaji wa kati: kupata thamani ya pikseli kutokana na jirani zake.

9. Hitimisho

Wako watakaosema kwamba hizi ni tofauti ndogo, na kwamba mtu akiiona picha kwenye kioo cha kompyuta atajua lililotendeka. Hilo ni kweli kwa picha moja. Lakini sababu ya kuandika programu ni kutoitazama kila picha. Anayeamuru kurasa elfu tano zishughulikiwe usiku hatakuwapo kuziona. Atakuwa ameuamini mwongozo, na mwongozo umeliamini neno. Neno likiwa na maana tatu, kurasa nazo zitatoka za namna tatu.

Katika orodha yetu ya awali neno "kuhamisha" lilikuwa na maana hizo tatu. Tunawaomba wale wote wanaoitumia orodha hiyo waisahihishe kwa mujibu wa sehemu ya 8. Na kabla istilahi hizi hazijathibitishwa, tungependa kupata maoni ya walimu waliokwisha kuzijaribu darasani, hasa juu ya "kubiringisha" na jozi ya "endako" na "tokako", kwani neno hupimwa na wanaolitumia. Kwa makarani tunaongeza ushauri mmoja usiohitaji istilahi yoyote: picha mpya ihifadhiwe kwa jina jipya, na ile ya kwanza isiguswe.